Fahamu: Kwa nini bundi wa Tana hafai kufugwa
Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na bundi yumo. Mwili wake wenyewe unaonyesha sababu: humla panya pamoja na mifupa, kwa hiyo nyama tupu ya buchani humnyima kalisi. Tena Garsen, katika kaunti ya Tana River, ni nchi ya mpunga. Kumfungia bundi ni kuwaachia panya shamba.

Wapo wanaosema kinda aliyeanguka atakufa asipochukuliwa. Huruma hiyo naiheshimu, lakini makinda wengi hutoka kiotani kabla ya kuruka vizuri, na wazazi huendelea kuwalisha usiku. Anayelelewa na mtu tangu udogoni humwona binadamu kuwa mwenzake, na kumrudisha porini huwa vigumu mno. Mzima arudishwe tawini. Aliyeumia, waitwe Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).