Hija ya Namugongo na deni la msomi

Kila mwaka, siku za mwisho za mwezi wa Mei zinapowadia, mji wetu wa Kitale huwaaga watu wake. Wako wanaoondoka kwa miguu, fimbo mkononi na rozari shingoni. Wako wanaochangishana nauli wakakodi basi. Wote wanaelekea Namugongo nchini Uganda, ambako tarehe 3 Juni hukumbukwa Mashahidi waliochomwa moto siku kama hiyo mwaka 1886. Wiki moja baadaye hurejea, miguu imevimba, mitungi ya plastiki imejaa maji waliyoyateka huko.

Nakiri kwamba kwa muda mrefu niliitazama safari hii kwa jicho la dharau. Niliiona kuwa hija ya wasio na uwezo, wanaokwenda Namugongo kwa sababu Yerusalemu ni mbali na tikiti ya ndege haipatikani. Mimi nilikuwa nimefika Yerusalemu. Mwaka 2018 nilialikwa kwenye kongamano la wanaisimu, na siku moja ya mapumziko ikanitosha kupita katika Njia ya Msalaba, kuingia Kanisa la Kaburi Takatifu, kupiga picha na kununua msalaba wa mti wa mzeituni. Msalaba huo nilimletea mama yangu, mjane aliyetusomesha kwa kuuza kabeji sokoni Kitale. Aliupokea kwa mikono miwili, akaufunga katika leso safi, kisha akaniuliza, "Na huko, mwanangu, ulimwombea nani?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemwombea mtu yeyote.

Ndiyo maana mwaka 2024, aliponiambia kwamba amedunduliza fedha katika chama chao cha akina mama na kwamba angependa nimsindikize Namugongo, sikuthubutu kukataa. Tuliondoka alfajiri kwa basi la kukodi, tukapita Kiminini, Misikhu na Webuye, hadi tukafika njia panda ya Kanduyi.

Hapo nilimwonyesha Mama barabara iendayo Mumias, nikamsimulia habari ambayo wengi wetu tunaoishi jirani nayo hatuikumbuki. Mwezi wa Oktoba mwaka 1885, Askofu wa Kianglikana James Hannington alifika Mumias, wakati huo pakiitwa Kwa Sundu, akitokea pwani. Aliliacha kundi kubwa la msafara wake hapo, akaendelea na wapagazi 50. Huko Buganda palikuwa na hofu kwamba mtu atokaye mashariki ndiye atakayeimeza nchi. Kwa amri ya Kabaka Mwanga, Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Kwa hiyo njia ya damu inayofika Namugongo ilipita mlangoni petu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao wapagazi?" Nikamwambia kwamba karibu wote waliuawa pamoja na askofu, ingawa sisi aghalabu hulitaja jina lake peke yake. Alitikisa kichwa, akazungusha punje za rozari yake.

Malaba tulipewa hati za kuvukia mpaka. Nilitia sahihi yangu kwa mbwembwe za mtu aliyezoea kusahihisha tasnifu. Mama alibonyeza dole gumba kwenye wino. Alipokuwa akilifuta alisema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Nusura nijue kuandika. Mwaka ule wa ngumbaru nilifika hadi herufi ya M. Kisha ukazaliwa wewe, ukawa mgonjwa mgonjwa, nikaacha."

Mwaka anaousema ni 1979, serikali ilipoanzisha kampeni ya kisomo cha watu wazima nchini kote. Nina umri wa miaka arobaini na kitu, nina shahada ya uzamifu katika isimu ya lugha, nimefundisha mamia ya vijana historia ya maandishi ya Kiswahili, na nilikuwa sijapata kuambiwa kwamba elimu ya mama yangu ilikatizwa na kuzaliwa kwangu. Wala sikuwa nimeuliza. Kutoka Tororo hadi Jinja sikusema mengi.

Namugongo pana kanisa kubwa lenye umbo la nyumba ya msonge, limezungukwa na nguzo 22, kila moja kwa ajili ya shahidi mmoja wa Kikatoliki kati ya wale 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Si mbali na hapo, Waanglikana nao wana mahali pao pa kuwakumbuka ndugu zao 23. Waliokufa hapa hawakutenganishwa na madhehebu: Mkatoliki na Mwanglikana walipelekwa kuchomwa siku moja. Tena, miaka kama kumi kabla yao, chini ya Kabaka Mutesa, vijana Waislamu waliuawa hapo hapo Namugongo kwa kukataa kuiacha imani yao. Anayedhani kwamba mahali hapa ni pa kanisa lake peke yake hajapafahamu.

Kama mwanaisimu, nilivutwa na maneno mawili. La kwanza ni shahidi. Neno hili la asili ya Kiarabu ndilo tulitumialo kwa aliyeuawa kwa ajili ya dini, na ndilo hilo hilo tulitumialo kwa mtu anayesimama mahakamani kusema alichokiona. Wagiriki nao walifanya vivyo hivyo, kwani neno lao la shahidi wa imani maana yake ya kwanza ni mtu anayetoa ushahidi. La pili ni msomaji. Waganda waliwaita wafuasi wa dini mpya abasomi, yaani wasomaji, na hata leo kusoma kwa Kiganda ni pia kusali. Haikuwa tamathali ya usemi. Vijana wale wa ikulu walijifunza dini kwa kujifunza herufi, na kabla Injili haijapatikana kwa Kiganda, baadhi yao walianza na vitabu vya Kiswahili. Lugha yetu hii ilikuwamo mikononi mwa waliouawa.

Nilimweleza Mama haya yote kwa furaha ya mwalimu aliyepata somo zuri. Nikahitimisha kwamba Namugongo ni hija ya wasomaji. Mama aliutazama umati uliokuwa umelala kwenye nyasi, wengi wao wanawake wa rika lake, akasema, "Mwanangu, hawa hawakuchomwa kwa sababu ya kusoma. Walichomwa kwa sababu walichokisoma walikishika. Wewe umesoma. Umeshika nini?"

Msomaji mpendwa, swali hilo silo langu peke yangu. Liko tabaka zima la watu kama mimi, waliosomeshwa kwa kabeji, kwa mahindi na kwa ng'ombe aliyeuzwa, ambao leo hutazama imani ya wazazi wao kutoka juu kama mtu anayetazama shimo. Tunapohudhuria hija tunahudhuria kama watalii. Nao wazazi wetu wanakwenda kwa moyo wote, lakini aghalabu bila mtu wa kuwasimulia. Ndani ya basi letu niliwauliza wenzangu majina ya mashahidi. Wengi walimtaja Karoli Lwanga. Wachache wakamwongeza Kizito, mdogo wao kuliko wote, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Baada ya hapo kimya. Tunarudi na maji mitungini, na majina tunayaacha kule kule.

Sisemi kwamba maji hayo hayana maana; la hasha. Ninalosema ni kwamba hija isiyoandaliwa ni nusu ya hija. Parokia zetu za Kitale na Bungoma hukusanya nauli kwa miezi kadhaa. Je, haziwezi katika miezi hiyo kuwakusanya mahujaji jioni moja kwa juma, wasomewe habari za Namugongo na za Mumias, na wale wasiojua kusoma wafundishwe wakitaka? Walimu wapo. Wamejaa vijijini, wastaafu na vijana waliomaliza vyuo wasio na kazi. Tuko pia sisi wenye shahada, tunaofika nyumbani kwa mazishi na kwa Krismasi. Kama kusoma na kusali vilikuwa kitu kimoja kwa wale vijana wa mwaka 1886, hakuna heshima kubwa zaidi ya kuwapa kuliko kuviunganisha tena.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nilikwenda Yerusalemu nikarudi na picha. Nilikwenda Namugongo nikarudi na deni. Tangu wakati huo, kila Jumamosi niwapo Kitale, mimi na Mama hukaa mezani baada ya chai, daftari katikati yetu. Hatukuanza na A. Alikataa. Alisema A hadi M anazikumbuka, nami nilipompima nikakuta ni kweli: kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa amezihifadhi bila kuzitumia. Tulianza na N.