Uzuri usiomtesa mnyama wala kumaliza fedha

Enyi mama na wasichana, mnunuapo sabuni au mafuta ya kujipaka, mwauliza harufu na bei. Leo tuulize neno la tatu: je, kitu hiki kimemtesa kiumbe?

Mwaka 1944, huko Marekani, mtaalamu John Draize pamoja na wenzake walieleza namna ya kupima vitu kama hivi kwa kuvitia katika macho ya sungura. Jaribio hilo lilienea katika nchi nyingi. Tangu mwaka 2013 Umoja wa Ulaya umekataza kuuza vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Lakini angalieni: mambo haya ni mawili. Kitu kisichojaribiwa kwa mnyama chaweza bado kuwa na mafuta yake ndani. Basi someni maandishi ya nje. «Sodium tallowate» ni sabuni ya shahamu ya mnyama; «lanolin» ni mafuta ya sufu ya kondoo; «cera alba» ni nta ya nyuki; «CI 75470» ni rangi nyekundu itokayo katika wadudu. Bali «sodium palmate» hutoka katika mawese, na «sodium cocoate» katika nazi.

Na mwenye fedha kidogo? Asihuzunike. Bei kubwa mara nyingi hulipia chupa nzuri na matangazo. Sabuni ya mawese yatakasa mwili. Matone machache ya mafuta ya nazi, yakipakwa ngozi ingali na unyevu, yalainisha. Vitu hivi vyajulikana tangu zamani, wala havihitaji jicho la sungura.

Huruma haidai fedha nyingi. Yadai tusome kabla ya kulipa.