Kuhe na Ndugu Zake

Paukwa? Pakawa! Sogeeni, wanangu, niwasimulie ukoo wa samaki unaoishi Ziwa Tanganyika, mbele ya mwalo wetu wa Katonga.

Kuhe mnamjua. Ndiye jitu la ukoo huo: hukua kupita sentimita 70. Lakini ana ndugu wadogo kuliko kidole, wanaotaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Wengine hukwangua mwani maweni. Wengine hunyofoa magamba ya samaki wenzao, na midomo yao imepinda: huyu kulia, yule kushoto. Ndani ya Ziwa Tanganyika ukoo huu una aina zipatazo 240, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani.

Wametoka wapi wote hao? Jibu wamelibeba mwilini. Kila seli ina maagizo ya kuujenga mwili, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu za kikemikali. Yote kwa pamoja huitwa jenomu. Kila kizazi huyanakili kwa kizazi kinachofuata. Mara mojamoja herufi hubadilika, na badiliko hilo hurithiwa. Kwa hiyo, samaki wawili wenye mabadiliko mengi ya pamoja wana babu wa karibu.

Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha jenomu za samaki watano wa ukoo huu. Mmoja ni wa Ziwa Victoria, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Walikuta jeni nyingi, yaani vipande vya maagizo ya kuujenga mwili, zilizojirudia. Jeni ikiwa na nakala mbili, moja huendelea na kazi ya zamani, nyingine hupata nafasi ya kubadilika na kushika kazi mpya.

Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walisoma jenomu za karibu aina zote za ziwa letu. Mwaka 2020 walitangaza: wingi huu ulizaliwa humuhumu ziwani, katika muda usiofika miaka milioni 10.

Nanyi pia mmo katika hadithi hii. Jeni iitwayo PAX6, inayoongoza ujenzi wa jicho la kuhe, inaongoza pia ujenzi wa jicho lako, kwani sote wenye uti wa mgongo tuna babu mmoja wa kale.

Basi tuzuie udongo unaosombwa na mvua kutoka milimani usifukie mawe wanamozaliana samaki hawa. Aina ya samaki iliyozaliwa hapa ikitoweka hapa, hakuna ziwa lingine la kwenda kuitafuta.