Kosa la Sikio na Kosa la Maandishi: Fonolojia ya Kiingereza kwa Walimu wa Lugha kupitia Maneno ya Kariakoo

Makala haya yanafafanua misingi ya fonolojia ya Kiingereza kwa walimu wa lugha kwa kutumia maneno ya mkopo yanayosikika kila siku Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Hoja inayotetewa ni kwamba makosa ya matamshi ya mwanafunzi mzungumzaji wa Kiswahili yana vyanzo viwili, sikio na maandishi, na kila kimoja kinahitaji tiba yake. Suala hili lina uzito kwa sababu mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hutarajiwa, mara aingiapo sekondari, kujifunza na kufanya mitihani kwa Kiingereza.

Jina Kariakoo lenyewe linatosha kuwa data ya kuanzia. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Katika Kiingereza sanifu cha Uingereza jina hilo hutamkwa [ˈkæriə kɔː]. Herufi p na s za mwisho hazitamkwi, wala r isiyofuatwa na irabu. Kwa hiyo, wenyeji waliolipokea hawakudondosha sauti yoyote, walisikia sawasawa. Yaliyobadilika ni mambo matatu. Kwanza, irabu [æ] na [ə], ambazo Kiswahili hakina, zote zimekuwa a. Pili, irabu ndefu [ɔː] imekuwa oo, yaani silabi mbili. Tatu, mkazo umehama kutoka silabi ya kwanza hadi silabi ya pili kutoka mwisho, kama kanuni ya Kiswahili inavyotaka. Jina Kariokor la jijini Nairobi lina asili hiyohiyo, ila tahajia yake imehifadhi r ya maandishi ya Kiingereza.

Maneno ya biashara yanathibitisha utaratibu huo. Stoo, kutokana na store, limepita njia ileile ya silabi za mwisho za Kariakoo. Fremu, kwa maana ya chumba cha duka, na koti yamegeuza irabu unganifu [eɪ] na [əʊ] kuwa irabu moja moja. Shati na timu yameongezewa irabu mwishoni ili silabi iwe wazi; irabu hiyo mara nyingi huwa u baada ya konsonanti ya midomo, na i kwingineko. Kiini cha mabadiliko haya ni tofauti ya mifumo: Kiswahili kina irabu 5, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na takribani 20, zikiwamo irabu unganifu. Ndiyo maana hat, hut na heart huweza kumfikia mwanafunzi kama neno moja. Kwa upande wa konsonanti hali ni nafuu, kwani [θ] ya thamani, [ð] ya dhahabu na [ŋ] ya ng'ombe tayari zimo katika Kiswahili.

Neno risiti linaonesha chanzo cha pili. Kiingereza huandika receipt kwa p isiyotamkwa, na mkopo wake hauna p, sawa na kabati kutoka cupboard. Mwanafunzi anayeitamka p hiyo darasani hakuzuiwa na sauti za Kiswahili. Amesoma Kiingereza kwa mazoea ya Kiswahili, lugha ambayo herufi na sauti hulingana kwa karibu. Hilo ni kosa la maandishi. Asiyetofautisha hat na hut ana kosa la sikio.

Kosa la maandishi hupungua mwalimu anapolitamka neno kabla ya kuliandika ubaoni na kubainisha herufi zisizotamkwa. Kosa la sikio huhitaji jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu, zisikilizwe kwanza ndipo zitamkwe. Mwalimu asiyetenganisha vyanzo hivi huweza kumpa mwanafunzi zoezi la kusoma kwa sauti, ilhali anachohitaji ni zoezi la kusikiliza.