Taa ya Dashibodi si Pambo

Miongoni mwa mambo ambayo wenye gari kisiwani kwetu huyaona kuwa ni madogo, hapana lililozoeleka kuliko dashibodi yenye kiza. Dereva huondoka Darajani magharibi imeshaingia, akawasha taa, asiuone mshale wa mwendo wala wa joto la maji, naye akajinasibu kwamba njia ya Makunduchi anaijua kwa moyo. Abiria hucheka, safari ikaendelea. Sisi tunasema kwamba jambo hili si dogo, wala si la kuchekesha.

Sababu yake ni hii. Katika gari nyingi, za kale na za baadaye, umeme wa taa za dashibodi hutoka pale pale unapotoka umeme wa taa ndogo za nyuma. Katika Toyota nyingi ziletwazo kwetu zikiwa zimeshatumika, fyuzi moja iliyoandikwa TAIL ndiyo inayozilisha taa za nyuma pamoja na mwanga wa dashibodi. Ikiungua hiyo, vyote viwili huzimika. Taa kubwa za mbele hubaki zikiwaka kama kawaida, kwa kuwa zina fyuzi zao, na dereva huridhika kwamba gari yake ni nzima. Kumbe kila ajaye nyuma yake, awe na vespa au na lori la mchanga, haoni kitu mpaka ameshakaribia mno. Kiza kilicho mbele ya macho ya dereva mara nyingi ni habari ya kiza kilichopo mgongoni mwake, na habari hiyo yeye huipuuza.

Wananchi wa Unguja hawahitaji kufundishwa maana ya kiza. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikosa umeme kwa hitilafu ya njia itokayo Bara chini ya bahari, na mwanga uliobakia barabarani ulikuwa wa gari zenyewe. Hata umeme unapokuwapo, waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa gari za ng'ombe katika njia za shamba hawana ulinzi mwingine.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya kutengeneza, maana hapa ndipo penye maradhi. Gari za Kiingereza za zamani, kama vile Morris Minor iliyoanza kuundwa 1948, ziliachiwa na waundaji wake lugha kamili ya rangi. Waya wa kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja. Mweupe hupita kwanza kwenye swichi ya ufunguo. Wa kijani umeshapita kwenye fyuzi. Mwekundu ni wa taa ndogo, wa buluu ni wa taa kubwa, na mweusi ndio unaorejea kwenye bodi, yaani arthi. Fundi aliyeisoma lugha hiyo habahatishi. Lakini gari iliyoishi miaka 50 imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameongeza waya wake: huyu kaweka wa taa ya nyumba, yule kaunganisha kwa kusokota vidole na kufunga utepe. Leo ukiichungulia chini ya dashibodi utadhani umeona jarife lililotupwa pwani.

Ubaya mkubwa zaidi ni kuichezea fyuzi. Tumeona karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ikizungushwa kwenye fyuzi iliyokatika, na tumeona msumari. Taa huwaka papo hapo, mwenye gari akashukuru, fundi akalipwa. Globu moja ya dashibodi katika gari hizo hula wati 2 na kidogo tu, wala haifiki hata sehemu ya tano ya ampea moja kwa betri ya volti 12. Haiwezi kuikata fyuzi. Fyuzi ikikatika, basi pana waya uliochubuka na kugusa bati, na msumari hauiondoi shoti hiyo; huiachia nafasi ya kuuchoma waya wote mpaka kwenye viti. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na mwenye Morris Minor ajue pia kwamba gari yake ina fyuzi mbili tu, na waya wa taa kubwa haupiti katika hata moja. Huo ukichakaa ngozi yake, hakuna kitakachouzuia usiwake moto.

Hata hivyo, si kila taa iliyokufa imeungua. Sisi tunaishi na chumvi. Hewa ya bahari na mvua ya masika huifanya shaba iote ukungu wa kijani, na hula bati pale arthi ilipofungwa. Dalili yake inajulikana: dereva akikanyaga breki, taa ndogo hufifia, akiwasha ya kupindia, dashibodi nayo hupepesa. Umeme umekosa njia ya kurudi, unajipenyeza kwenye globu nyingine. Kipande cha waya kutoka ncha hasi ya betri hadi kwenye kikombe cha taa kinatosha kulijua hilo, na dawa yake ni msasa, skurubu mpya na grisi kidogo. Katika Morris za asili mambo hupinduka, kwani ni ncha chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Kijana asiyelijua hilo ataunguza redio ya mteja kabla hajaisikia.

Kwa hiyo tunaiomba Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni, iwape wanafunzi wa umeme wa magari gari kuukuu ya kuifumua na kuifuma upya waya mmoja mmoja, na iwaalike mafundi wazee waje kusomesha rangi zile wakati wangali na macho ya kuzipambanua. Wanaokagua gari nao wasiishie kwenye taa za mbele na honi. Mkaguzi akae kwenye kiti cha dereva, awashe taa ndogo, aitazame dashibodi, kisha aende nyuma akatazame. Hazizidi dakika tano. Na zoezi hilo lianzie kwenye gari za Serikali.