Ghala Limejaa, Mbona Mtoto Amedumaa?

Akina baba na akina mama, yafaa leo tuulizane jambo moja. Mavuno yamekuwa mema, ghala limejaa mahindi, wala hakuna mtu nyumbani anayelala na njaa. Lakini mtoto wa miaka mitatu ana kimo cha mtoto wa miaka miwili, nywele zimepauka, wala hana hamu ya kucheza. Imekuwaje?

Msidhani kwamba hayo ni ya nyumba moja tu. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa. Tena ajabu ni hii: mikoa iliyozidi yote ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mahindi hustawi sana. Huko walidumaa karibu nusu ya watoto, au kupita nusu. Basi, kushiba ni jambo moja, na kulishwa vema ni jambo jingine.

Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliliona jambo hili zamani huko Gold Coast, nchi iitwayo Ghana siku hizi. Mwaka 1933 aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubambuka ngozi, ambao chakula chao kilikuwa cha mahindi matupu. Wenyeji wa kabila la Waga waliuita ugonjwa huo kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyepata mdogo wake. Wenyeji hao walikuwa wameona vema. Mtoto huachishwa ziwa kwa sababu ya mimba nyingine, naye hupewa uji mtupu mahali pa maziwa.

Uji wa mahindi au wa muhogo hutia nguvu, lakini haujengi mwili vya kutosha. Tena tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi hulijaza maji tu. Basi fanyeni hivi:

Kwanza, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila maji wala uji. Baadaye aanze kula, huku akiendelea kunyonya hata atimize miaka miwili au zaidi.

Pili, uji uwe mzito, usimwagike upesi kijikoni. Utieni karanga zilizotwangwa, au dagaa waliosagwa, au maziwa. Lakini karanga na mahindi yenye ukungu msimpe kamwe, maana yana sumu.

Tatu, mtoto wa miezi sita hadi minane ale mara mbili au tatu kwa siku. Akifika miezi tisa, mara tatu au nne. Awe na sahani yake, mama ajue amekula kiasi gani.

Nne, kila siku apate cha kujenga mwili na cha kuukinga. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji gramu 13 hivi za protini. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kikombe cha maziwa gramu 8. Asiye na ng'ombe ana maharage, kunde na dagaa. Mchicha, majani ya maboga, papai na embe hulinda macho na damu.

Sasa neno kwa akina baba. Katika nyumba nyingi kuku hutaga, mayai huenda sokoni, na fedha hurudi zikiwa soda na biskuti. Kitoweo kikipikwa, minofu ni ya baba, mchuzi ni wa watoto. Baba mwenye busara hubakiza mayai machache nyumbani, naye huuliza kwanza, “Mtoto amekula nini?”

Msingojee. Kimo kinachopotea kabla ya miaka miwili ni vigumu kukirudisha, na akili ya shuleni hujengwa siku hizo hizo. Mpelekeni mtoto kliniki apimwe uzito na kimo. Na kama miguu imevimba, mpelekeni hospitali leo, si kesho. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.