Choo kigumu wakati wa ujauzito

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Somo lile halijaisha.

Hapa kwetu Tandale au Mbagala mama mjamzito hunywa chai ya rangi na andazi. Mchana ni ugali wa sembe na mchuzi mwepesi. Siku ya nne, choo hakuna.

Kwa nini? Mimba ikiingia, mwili hutoa homoni zinazolegeza misuli ya utumbo. Chakula hupita polepole, maji yake hunyonywa, choo hukauka. Kama chakula hakina makapi, choo hukwama. Sembe imeondolewa pumba mashineni. Pumba tunawapa kuku, sisi tunabaki na weupe!

Wengine hutafuna udongo wa pemba. Huo nao hufunga choo, na huzuia mwili kupata madini ya chuma.

Sasa sikilizeni, akina mama. Kliniki hutoa vidonge vya kuongeza damu. Navyo huweza kufanya choo kiwe kigumu na cheusi. Mama anaogopa, anavificha chini ya godoro. Damu inapungua. Siku ya kujifungua, akitokwa na damu nyingi, anaweza kufa.

Usiviache. Mwambie muuguzi. Nyumbani pika dona, maharage au kunde, na tembele. Kula papai, kunywa maji safi ya kutosha. Vidonge usivimeze kwa chai. Dawa ya kuharisha usinunue bila kuuliza. Ukiona damu chooni, nenda zahanati siku hiyo hiyo.